Mashine ya kamari isiyopunja sarafu: je, inakuwa halali?

SWALI: Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh, sheikh. Nina duka la rejareja hapa Dar es Salaam. Jamaa mmoja aliniomba aweke mashine ya kamari, hii ambayo vijana wanaiita dubwi, kwenye kibaraza cha duka langu. Umeme ni wangu, mashine ni yake. Kila wiki anakuja na ufunguo, anafungua sanduku la chini, tunahesabu sarafu za shilingi 200, ananipa fungu langu. Shida yangu ni kwamba sarafu nyingine inamezwa na mashine bila kuhesabiwa, mtu anaanza kuipiga mateke na kunitukana. Mimi humrudishia sarafu yake kutoka droo ya duka ili nisimdhulumu. Wapo wanaosema mashine imechezewa ndani, wapo wanaosema iko sawa, ni bahati ya mtu tu. Hata watoto wanaotumwa dukani wanatia chenji ya mama zao. Je, mashine hizi zinawatendea haki wachezaji? Na nikihakikisha kwamba haipunji hata sarafu moja, fungu langu litakuwa halali?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu yangu, nimefurahi kwamba moyo wako unakusuta kwa sarafu ya mtu mmoja. Wengi waliopo katika biashara hii hawaumizwi kichwa na jambo hilo. Lakini umeniuliza maswali mawili kana kwamba ni moja, na hapo ndipo penye hatari. Kama mashine inampa mchezaji haki yake, hilo ni swali la kwanza. Kama kamari ni halali, hilo ni lingine kabisa, wala jibu la swali la kwanza halilibadilishi la pili.

Nianze na hilo la pili. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Maida, aya ya 90, kwamba ulevi, kamari, masanamu na kupiga ramli ni uchafu katika kazi ya Shetani, basi tujiepushe navyo. Hakusema tujiepushe na kamari yenye udanganyifu. Na ukitaka kujua kwa nini nasema hivyo, tazama maysir, yaani kamari, waliyokuwa wakiicheza Waarabu wakati aya hiyo inateremka. Wanachuoni wametueleza namna yake kwa urefu. Ngamia anachinjwa, nyama inagawanywa mafungu. Kuna mishale kumi: saba ina mafungu yake, mitatu mitupu. Mishale inatiwa mfukoni, anapewa mtu anayeaminiwa na wote. Mkono wake unafungwa kwa kipande cha ngozi ili asiweze kuutambua mshale kwa kuupapasa, na mtu mwingine anakaa nyuma yake kumsimamia. Anatoa mshale mmoja mmoja kwa majina ya wachezaji. Ambao mishale yao ni mitupu ndio wanaolipa thamani ya ngamia.

Zingatia hapo. Hakuna waya uliofichwa, hakuna mtu aliyepanga matokeo usiku wa jana. Kila mmoja anaona kwa macho yake. Zaidi ya hayo, walioshinda hawakuwa wakiila nyama ile. Waliwapa mafakiri na wakajifaharisha kwa ukarimu wao. Ndiyo maana Qur'an katika Suratul Baqara, aya ya 219, inakiri kwamba kamari ina manufaa fulani kwa watu, kisha inasema madhambi yake ni makubwa zaidi kuliko manufaa yake. Kamari iliyosimamiwa kwa uangalifu kiasi hicho, na yenye kumlisha maskini, iliharamishwa moja kwa moja. Basi dubwi la kibarazani kwako, hata likaguliwe na mafundi wote wa nchi, litakuwa na hoja gani mbele ya mishale ile?

Ubaya uko katika kile kinachofanywa chenyewe: mtu anatoa mali yake, hapati bidhaa wala huduma, anangoja ama achukue mali ya mwenzake ama mwenzake achukue yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, katika hadithi aliyoipokea Abu Hurayra na kuisimulia Imam Muslim, alikataza mauzo ya kurusha kijiwe na mauzo ya gharar, yaani ya kitu kisichojulikana. Mauzo ya kijiwe yalikuwa hivi: mtu anarusha kijiwe, nguo kitakayoiangukia ndiyo uliyonunua. Hapo bado kuna nguo mkononi. Kwenye mashine yako kuna taa inayozunguka picha za tufaha, chungwa, kengele na tikiti maji, na inaposimama mahali pasipo na ushindi, sarafu imekwenda na mkono mtupu.

Utaniambia: lakini wao wenyewe wameridhia, hakuna aliyeshikiwa panga. Suratun Nisaa, aya ya 29, imetukataza kula mali zetu baina yetu kwa batili, isipokuwa iwe ni biashara ya kuridhiana. Ridhaa imetajwa pamoja na biashara, na kamari si biashara. Mtu akiridhia riba, riba haigeuki kuwa faida halali.

Sasa nije kwenye swali la kwanza, kwa sababu watu wanastahili kuambiwa ukweli wa vyombo hivi.

Mashine za zamani, kama ile iliyoundwa na Charles Fey mjini San Francisco mwishoni mwa karne ya 19, zilikuwa na magurudumu matatu ya chuma, kila moja lina picha kumi. Hesabu yake inaonekana: kumi mara kumi mara kumi, michanganyiko 1,000. Mchezaji mwenye akili angeweza kukaa chini akajua nafasi yake ni ndogo kiasi gani. Baadaye ikaja elektroniki. Mwaka 1984 Inge Telnaes alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, Marekani ya mashine ambayo kifaa cha ndani ndicho kinachochagua namba, na gurudumu linazungushwa ili kuonyesha tu kile kilichokwisha chaguliwa. Kwa njia hiyo picha ya zawadi kubwa unaiona kwenye gurudumu kama picha nyingine, lakini ndani imepewa nafasi chache mno. Mchezaji anaona "imekosa kidogo tu", anatia sarafu nyingine. Hiyo ni moja katika siri kubwa za biashara hii, na haihitaji mtu kuchezea waya.

Nyingine zimeundwa ziwe zinafuatilia kilichoingia na kilichotoka. Zikitoa sana, zinabana. Huko Uingereza, ambako mashine za namna hii zimejaa kwenye baa, utakuta zimebandikwa maandishi yenye maana hii: mashine hii inaweza wakati fulani kumpa mchezaji chaguo ambalo hana nafasi yoyote ya kushinda. Soma tena, ndugu yangu. Mashine inakuuliza "kubwa au ndogo?", unafikiri, unabonyeza, moyo unadunda, na jibu lolote utakalotoa limekwisha kuwa la kushindwa. Mtume amesema, kama alivyosimulia Muslim, kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Ghushi gani inayopita hiyo ya kumwachia mtu achague pasipo na chaguo?

Na hata ikiwa mashine haina hila hizo, hesabu yake ni ya kumfilisi mchezaji pole pole. Tuseme imepangwa irudishe shilingi 85 katika kila 100. Mtu anakuja na sarafu 50, yaani shilingi 10,000. Akizicheza zote mara moja, kwa wastani atabaki na 8,500. Wachezaji hawaondoki hapo, wanazirudisha. Mzunguko wa pili 7,225. Wa tatu karibu 6,140. Ukifika mzunguko wa kumi zimebaki chini ya 2,000. Hakuna aliyedanganywa hata mara moja, na pesa ya chakula cha watoto imekwisha. Wale wanaosimama pembeni wakisema "imeshiba, sasa hivi itatema" wanajidanganya kwa maneno ya kutiana moyo.

Kwa hiyo ukiniuliza kama mashine hizi zinawatendea haki wachezaji, jibu langu ni hapana. Iliyochezewa inakula mali ya watu kwa batili na kwa ghushi, madhambi mawili. Isiyochezewa inakula kwa batili peke yake. Hilo la pili halijawa dogo kwa kuwa halina mwenzake.

Ama sarafu iliyomezwa bila kuhesabiwa, huyo mtu ana haki ya kurudishiwa, na anayepaswa kumrudishia ni mwenye mashine, kwani sarafu imeingia kwenye sanduku lake. Wewe kuirudisha kutoka droo yako ni tabia njema. Lakini umeona jambo moja? Mkataba wa kamari hausihi, yaani si sahihi kisheria, na mali iliyotolewa kwa mkataba usiosihi haihami kwa mwenyewe. Sarafu zilizochezwa zikapotea nazo zimo humo humo bila haki. Tofauti yake na ile iliyokwama ni kwamba ya kukwama mwenyewe anaidai. Unarudisha sarafu moja kwa uchungu wa dini yako, kisha mwisho wa wiki unapokea fungu la mamia ya nyingine za hukumu ile ile.

Hapo pia nawaonya vijana wanaosema mashine ni tapeli basi na wao waitapeli, wakafunga sarafu uzi au wakatia vipande vya bati. Mtume amesema, katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi: mrudishie amana aliyekuamini, wala usimfanyie hiyana aliyekufanyia hiyana. Anayedai sarafu yake aidai kwa maneno. Kuipiga mateke mashine ni kuharibu mali ya mtu. Na ugomvi huo unaousikia kibarazani kwako kila siku ndio ule uliotajwa katika aya ya 91 ya Suratul Maida, kwamba Shetani anataka kututilia uadui na chuki kwa ulevi na kamari, na kutuzuia kumkumbuka Mwenyezi Mungu na kusali. Umewahi kuangalia wangapi wanaiacha ile mashine adhana ya alasiri inapoadhiniwa?

Kuhusu watoto, nimeumia zaidi. Katika madhhebu yetu ya Imam Shafi, muamala wa mtoto asiyebaleghe hausihi hata katika kununua na kuuza kitu halali, sembuse kamari. Na ile chenji si yake. Ni ya mama yake aliyemtuma chumvi. Sheria ya nchi nayo inakataza mwenye umri chini ya miaka 18 kucheza michezo ya kubahatisha, na mashine inatakiwa iwe na leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Leseni haihalalishi kilichoharamishwa na Mola wetu, lakini katika hili la watoto sheria na dini zimekutana, na wewe huna pa kujificha. Watoto hao unawajua kwa majina na nyumba zao. Waendee wazazi wao, waambie, warudishie unachokikadiria, hata kama utalipa kidogo kidogo.

Fungu lako, basi, si halali. Kibaraza ni chako, umeme ni wako, na Mwenyezi Mungu amesema tusisaidiane katika dhambi na uadui. Usikubali kudanganywa na jina la kodi ya pango. Kodi ya kweli haipandi na kushuka kwa kadiri majirani zako walivyopoteza wiki hiyo. Na hata ingekuwa kiwango kimoja kila mwezi, kumpa mtu mahali huku unajua anapafanyia kamari hakujuzu.

Usingoje mwisho wa mwezi wala mwisho wa makubaliano. Mkataba wa haramu hauna muda wa kutimizwa. Zima mashine leo, mpigie mwenyewe aje aichukue, na mpaka atakapokuja iweke ndani isiharibike, kwa sababu chombo chenyewe ni mali yake na kiko mikononi mwako. Akija kufungua sanduku, usipokee fungu. Mwambie kwa upole sababu yako. Huenda naye akafikiri.

Ama ulichokwisha kupokea, wewe mwenyewe katika swali lako umeiita kamari, kwa hiyo siwezi kukupa hukumu ya mtu ambaye hakujua. Unaowajua uwarudishie au uwaombe wakusamehe. Usiowajua, Imam Ghazali amefafanua, na Imam Nawawi akanukuu katika kitabu chake Majmu', kwamba mali ya namna hiyo hutolewa katika maslahi ya Waislamu wote au hupewa mafakiri. Toa kwa nia ya kujivua, usinuie thawabu ya sadaka, wala usiihesabu katika zaka yako. Kama umekwisha kuitumia na huna kitu, ibaki kwenye daftari lako kama deni, ulipe kadiri unavyopata. Na ikiwa wewe mwenyewe ni fakiri, wanachuoni hao hao wameruhusu mtu ajichukulie kiasi cha haja yake na ya watu wa nyumba yake. Bidhaa za dukani ulizonunua kwa mtaji wako wa asili hazina tatizo. Uza, kula na watoto wako.

Liko jambo la mwisho ambalo hukuliuliza. Katika hao waliokuwa wakishinda kutwa kibarazani kwako, yumo bila shaka ambaye hawezi kuiacha peke yake. Ukiitoa kwako ataifuata mtaa wa pili. Unamjua, na yeye anakuheshimu kwa kuwa ulikuwa ukimrudishia sarafu yake. Zungumza naye. Mtume amesema, katika hadithi ya Bukhari na Muslim, kwamba mwenye kumwambia mwenzake "njoo tucheze kamari" na atoe sadaka. Kama neno la kumwita tu linahitaji kufutwa kwa sadaka, wewe uliyeiweka mashine mlangoni kwake una deni la kumwita arudi. Nenda naye msikitini magharibi ya leo, na kesho umpitie tena.

Wallahu a'alam.