Ukianza Street Fighter II, Miguu Ibaki Ardhini

Karibu kila ninayemkabidhi pedi ya kuchezea Street Fighter II, mchezo wa video wa kupigana wawili wawili, kwa mara ya kwanza hufanya jambo lilelile: anaruka. Anaruka mbele, anapiga teke hewani, anatua, anaruka tena. Kompyuta ikiwekwa kwenye kiwango cha chini, huenda akashinda raundi mbili tatu. Akikutana na mtu anayeujua mchezo, hafiki mbali.

Ukisharuka, huwezi kujikinga wala kubadili njia mpaka utue. Mpinzani anaona utakapoangukia na anakusubiri papo hapo. Mchezo huu ambao kampuni ya Capcom iliutoa mwaka 1991 umejengwa juu ya jambo hilo, na anayelielewa mapema anaanza kuufurahia mapema.

Kati ya wapiganaji wa kuchagua, chukua Ryu na usimwache. Guile ni hodari sana, lakini Sonic Boom yake, pigo analolirusha kutoka mbali, inataka ushikilie nyuma kwanza ndipo usukume mbele na kupiga ngumi. Zangief naye anataka uzungushe kitufe cha mwelekeo duara zima na kupiga ngumi ili kumnyanyua mtu. Hao watakungoja.

Hadoken, mpira wa nishati anaourusha Ryu, kwenye pedi ni chini, mshazari wa chini-mbele, mbele, kisha kitufe cha ngumi. Ngumi nyepesi huirusha polepole, ngumi nzito huirusha kasi. Wengi huirusha ili kuumiza tu. Mimi nakushauri uirushe ili kumlazimisha mwenzako achague: akiikinga, damu yake (kipimo cha uhai juu ya skrini) inapungua kidogo, akiruka, amekuja mwenyewe mahali unapomtaka. Hapo unamdungua kwa Shoryuken, ngumi ya kuruka juu: mbele, chini, mshazari wa chini-mbele, ngumi. Kidole gumba kikikataa kufuata njia hiyo (na mwanzoni hukataa), chuchumaa upige ngumi nzito. Ryu ataichomoa kwenda juu, na mara nyingi inatosha kabisa.

Umbali ndio siri yenyewe. Ukirusha Hadoken ukiwa karibu mno, mpinzani anairuka na kukupiga teke huku mikono ya Ryu bado imenyooka mbele, na huna la kufanya. Rudi nyuma kidogo. Tafuta ile nafasi ambayo hata akiruka kwa wakati mzuri, anatua mbele yako wewe ukiwa tayari.

Kujikinga ni kushikilia nyuma. Ukichuchumaa huku umeshikilia nyuma, unazuia mateke ya chini na mapigo mengi mengine, ila anayekujia kutoka hewani mkinge ukiwa umesimama. Kuna na kutupwa: mtu akikukaribia, akasukuma mbele au nyuma na ngumi ya kati au nzito, anakubwaga hata kama umejikinga. Wapo wanaosema huo ni uonevu. Sikubaliani nao hata kidogo. Bila kutupana, mtu angechuchumaa pembeni mpaka zile sekunde 99 ziishe.

Kombo, yaani mapigo yanayounganishwa mfululizo, ziache kwanza. Watengenezaji wenyewe hawakuzikusudia mwanzoni, na raundi nyingi za wanaoanza zinaamuliwa bila hizo. Ila jifunze kuadhibu kosa: mpinzani akipiga Shoryuken ikapita hewani, usikimbie. Msubiri ashuke, umfagie miguu kwa teke zito la chini.

Toleo lolote linafaa, ingawa Super Turbo la 1994 ningeliweka kando kwa sasa, maana kompyuta yake ni kali mno. Wala usiichukue kompyuta kuwa mwalimu: Guile wake hurusha Sonic Boom huku akitembea mbele, jambo ambalo wewe huwezi kulifanya. Tafuta mtu aliyekuzidi kidogo, na akikushinda mwulize ni pigo gani lililokuwa likikupata mara kwa mara. Kisha mwombe mcheze mechi nzima ambayo wewe huruki hata mara moja.