Kitabu cha maktaba kikikutoka mkononi saa tisa za usiku

Zilikuwa zimebaki kurasa kama arobaini. Nilikuwa kwenye mapumziko ya zamu ya usiku, kwenye makao ya wazee ninakofanya kazi hapa Ohio, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai. Mpelelezi ameshamzunguka muuaji, anakaribia kumtaja. Nikagusa kioo nifungue ukurasa unaofuata, kikaja kitangazo kidogo: muda wako wa kuazima umekwisha. Saa tisa na dakika kumi na mbili. Kumbe wiki tatu nyuma, kwenye mapumziko kama hayo hayo, ndipo nilipokiazima, na mashine haikunionea huruma hata ya dakika moja.

Nikajaribu kukiazima tena. Watu 86 kwenye foleni, kusubiri wiki 11 hivi.

Nilihisi kama mtu aliyeondolewa sahani akiwa bado ananawa. Nilivyokua mimi Tanga, kitabu cha maktaba ukichelewa nacho kinalala chini ya godoro mpaka upate moyo wa kwenda kumkabili mkutubi. Hakuna kitabu kilichotoka chini ya godoro kikarudi maktaba kwa miguu yake. Hiki kilirudi.

Nayaandika haya kwa sababu naulizwa sana, hasa na majirani waliofika karibuni kutoka Nyarugusu na Bukavu, na akina mama wa zamu za usiku kama mimi: hivi vitabu vya maktaba vya kwenye simu vinapatikanaje, ni bure kweli, mbona kila ukitaka kimoja unaambiwa usubiri?

Ni bure kweli. Kadi yenyewe ni bure. Unakwenda na kitambulisho na kitu chenye anwani yako, mkataba wa nyumba au bili ya umeme, na unatoka na kadi. Mimi sikuulizwa viza wala lini nilifika. Nyuma ya kadi kuna namba ndefu, na utachagua namba ya siri. Hizo mbili ndizo unazoingiza kwenye programu ya simu inayoitwa Libby, ambayo maktaba nyingi sana za Marekani zinaitumia. Unachagua maktaba yako, unaweka namba, basi. Vitabu vya kusoma na vya kusikiliza vimo humo humo.

Kama unaishi Ohio, kuna jambo ambalo mimi nilichelewa miaka miwili kulijua. Maktaba kubwa kadhaa za hapa, za Columbus na Cleveland zikiwemo, humpa kadi mkazi yeyote wa jimbo, si wa mji ule tu. Libby nayo inakubali kadi zaidi ya moja. Kitabu ambacho kwenye kadi moja kina foleni ya wiki 14, kwenye kadi nyingine nimekikuta kimekaa hakina mtu. Kwa hiyo ukiambiwa usubiri, usisubiri kabla hujachungulia upande wa pili.

Sasa niwaambie kosa langu. Nina mtoto wa kaka yangu, binti, yuko Tanga, anasoma chuo, anapenda vitabu kama mimi. Akaniomba, nami nikampa namba ya kadi yangu na namba ya siri. Nilijua kadi ni ya mwenye jina na ni ya mkazi wa hapa, lakini damu nzito. Baada ya wiki moja kitabu nilichokuwa nakisubiri tangu baridi ya Januari kikafika zamu yangu. Nagusa kukichukua, programu inaniambia nimefikia kikomo cha kuazima. Naangalia rafu yangu, imejaa vitabu nisivyovijua. Nikampigia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hebu niambie, hivi vitabu kumi vyote unavisoma saa ngapi?"

"Sijaanza kuvisoma shangazi. Niliona nivichukue kabisa visije vikaisha."

Nilicheka, kisha nikavirudisha vyake kimoja baada ya kingine, na asubuhi ya Tanga naye akaamka akakuta vimemtoka mkononi. Namba ya siri nikaibadilisha. Lakini lile neno lake nimelifikiria sana, maana hakukosea. Vinaisha.

Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Faili si karatasi. Linanakiliwa mara elfu bila kuchakaa, kwa nini tupange foleni? Jibu ni kwamba maktaba hainunui kile kitabu. Inakipanga, kama wewe na mimi tunavyopanga nyumba, na mwenye nyumba ndiye anayeandika mkataba. Kitabu cha karatasi ikishakinunua ni mali yake. Mahakama Kuu ya Marekani ilishasema tangu 1908 kwamba mchapishaji akishauza nakala hawezi tena kumpangia mnunuzi aiuze vipi, na ni kwa msingi huo huo maktaba inaazimisha kitabu mpaka kikatike uti wa mgongo bila kumwomba mtu ruhusa. Kitabu cha kielektroniki kinakuja na leseni, na leseni ina masharti: nakala moja, msomaji mmoja kwa wakati mmoja. Ndiyo hiyo foleni.

Bei nayo. Mimi nikinunua riwaya mpya ya kielektroniki nalipa dola 15 hivi. Maktaba kwa riwaya hiyo hiyo huweza kulipa dola 55 au 60, tena kwa miaka 2. Miaka ikiisha kitabu kinatoweka kwenye orodha, na maktaba ikikitaka inalipa upya. Wachapishaji hawafanani. Mwaka 2011 HarperCollins waliweka hesabu yao: leseni moja iazimwe mara 26, basi imekwisha. Ukihesabu wiki mbili mbili, huo ni mwaka mmoja. Macmillan mwaka 2019 waliziambia maktaba kwamba kitabu kipya kikitoka, mfumo mzima wa maktaba za mji, uwe mdogo au mkubwa, utauziwa nakala moja tu kwa wiki 8 za mwanzo. Maktaba nyingine zikagoma kununua vitabu vyao. Machi 2020, ugonjwa umeshatanda na majengo yanafungwa, sharti hilo likafutwa.

Wachapishaji wana hofu yao, nao si ya kijinga: kitabu kikipatikana bure kitandani bila hata kuvaa viatu, nani atanunua? Mimi naona wanamhesabu vibaya msomaji. Kila mwandishi ninayemnunua leo nilimwonja kwanza maktaba. Lakini mimi si mwenye nyumba.

Cha kuchekesha ni kwamba biashara hii yote imezaliwa hapa hapa kwenye mahindi na soya. OverDrive, wenye Libby, ni kampuni ya pembeni mwa Cleveland, ilianza 1986 enzi za diski, na maktaba ya umma ya Cleveland ndiyo iliyotangulia kuazimisha vitabu vyao vya kupakua, mwaka 2003. Hoopla, programu nyingine ya kuazima vitabu vya maktaba ambayo nitaieleza sasa hivi, ni ya watu wa Holland, mji mdogo karibu na Toledo, nayo Ohio.

Hoopla kwa vitabu vingi haina foleni. Ukikiona kitabu unakichukua papo hapo, hata kama watu mia wanakisoma. Siri yake ni kwamba maktaba inalipa kila unapobonyeza kuazima, kama mita ya teksi. Ndiyo maana maktaba huweka kikomo cha idadi kwa mwezi. Kwa hiyo usichukue kitabu pale kwa kutaka kuangalia picha ya jalada tu. Mimi Hoopla naitumia zaidi kwa vitabu vya kusikiliza nikiwa naendesha gari kwenda kazini, na vya Libby ndivyo ninavyovisubiri kwenye foleni.

Na foleni ina ujanja wake. Weka jina kwenye vitabu vingi mapema, hata usivyovihitaji leo, kwa sababu kuweka jina si kuazima. Kitabu kikifika zamu yako una siku 3 za kuamua. Kama una zamu mbili mfululizo na hutaweza kusoma, usikichukue kwa uroho. Kuna kitufe cha kukisogeza mbele: kitamwendea mwenzako, wewe unabaki kileleni mwa foleni mpaka siku utakayotaja. Mimi kabla ya kukijua kitufe hicho vitabu vinne vilinifikia wiki moja, kama wageni wa Iddi, nikamaliza kimoja na vitatu vikaondoka hata sijavikaribisha.

Kuna pia nakala ambazo maktaba huzitenga pembeni kwa mwenye bahati. Kitabu kina foleni ya miezi, lakini siku moja unakikuta wazi, uchukue sasa hivi. Mara nyingi ni siku 7 tu na huwezi kuongeza muda. Ukiwa msomaji wa polepole ziache, zitakukimbiza.

Muda wa kawaida ni siku 7, 14 au 21, kulingana na maktaba. Wengi hawajui kwamba unaweza kuubadilisha wewe mwenyewe kabla ya kuazima. Gusa hizo namba. Siku 3 kabla ya mwisho ndipo kitufe cha kuongeza muda hufunguka, ila kama kuna watu nyuma yako kitakupeleka kwenye foleni badala ya kukuongezea. Faini haipo, haiwezekani kuchelewa. Pakua kitabu ukiwa kwenye wifi, hasa cha kusikiliza, kinakula bando vibaya sana.

Wenye Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, hapa Marekani unaweza kukituma kitabu cha Libby kwenye Kindle yako, na ukizima wifi ya kifaa kabla muda haujaisha, kitabu kitabaki humo mpaka utakapoiwasha tena. Watu huniuliza kama huo ni wizi. Nakala ya maktaba inamwendea anayefuata saa ile ile, hujamzuia mtu. Mimi moyo wangu umetulia.

Jambo moja ninalowasihi: ukimaliza, rudisha siku hiyo hiyo. Usikiache kikae siku tisa zilizobaki ukidhani kitarudi chenyewe. Kitarudi, ndiyo, lakini ni siku tisa ambazo maktaba imezilipia na hakuna aliyesoma.

Kiswahili? Nikitafuta napata aibu. Kwenye maktaba zangu ukiandika Kiswahili unapata vitabu vichache vya watoto na vingi vya kumfundisha Mzungu kuagiza chai Zanzibar. Ukikuta kwenye Libby kitabu cha Kiswahili ambacho maktaba yako haina, kuna alama ya kuomba ujulishwe kikinunuliwa. Ibonyeze. Wakutubi wanaona idadi ya walioomba. Na ukienda mwenyewe ukawaambia uso kwa uso, wanaandika. Mimi nimewaambia mara tatu, na kwenye rafu ya karatasi angalau vimeongezeka.

Kwa mtoto wa kaka yangu na walioko nyumbani, kadi ya Ohio haiwafai, lakini hawakukosa kabisa. Open Library, maktaba ya mtandaoni, inataka barua pepe tu, popote ulipo, na kuna vitabu vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, unaazima kwa saa moja au kwa siku 14. Zamani vilikuwa vingi zaidi. Wenyewe, Internet Archive wa San Francisco, walisema: sisi tunacho kitabu cha karatasi ghalani, tunaazimisha picha yake kwa mtu mmoja mmoja, tumemkosea nani? Machi 2020 wakaiondoa na foleni kwa muda, na mwezi Juni wachapishaji wanne wakawapeleka mahakamani. Wakashindwa 2023, wakashindwa tena kwenye rufaa Septemba 2024, na kwa ajili ya kesi hiyo vitabu zaidi ya laki tano viliondolewa kwenye kuazimwa. Vilivyobaki bado ni vingi, hasa vya zamani. Kwa watoto wadogo kuna African Storybook, hadithi fupi za Kiswahili zenye picha, unapakua, unachapa ukitaka, hakuna wa kuja kudai. Binti yetu sasa huwasomea wadogo zake jioni.

Kile kitabu cha mpelelezi kilinifikia baada ya wiki 9, si 11. Nilikuwa nimeshasahau nani ni mume wa nani, ikabidi nianze ukurasa wa kwanza. Nilikimaliza siku ya tano, chumba cha mapumziko kile kile. Muuaji alikuwa daktari, nilimshuku tangu mwanzo. Nikakirudisha kabla chai haijapoa, maana nyuma yangu walikuwa 52.