Maswali ya Wasomaji: Lugalo, Kalenga na fuvu la Mkwawa

SWALI: Kamwene Mhariri. Nafundisha Historia sekondari. Wanafunzi wananibana: Mkwawa aliyewafyeka Wajerumani Lugalo, alishindwaje ndani ya ngome yake Kalenga? Na je, maeneo yote tutayamaliza kwa siku moja?
Mwalimu, Mafinga

JIBU: Kamwene, Mwalimu. Tofauti kubwa ni muda. Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski kilikuwa safarini, watu wamefuatana mmoja mmoja vichakani, mizinga ikiwa bado mizigo. Wahehe, wakiongozwa na Mpangile, ndugu wa Mtwa (mtawala wao) Mkwawa, walikuwa wamejificha kando ya njia. Risasi ilipolia waliinuka na mikuki, wakamfikia adui kabla hajapanga silaha. Zelewski mwenyewe aliuawa, pamoja na askari zaidi ya 200.

Kalenga mambo yaligeuka. Ukuta ule wa mawe ulitosha kuzuia mikuki, lakini uliwafanya Wahehe wamsubiri adui. Gavana wa Wajerumani, von Schele, akapata nafasi ya kutega mizinga na kuchagua pa kupenyea, na tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ikaanguka. Kwa maoni yetu, ukuta ndio uliomponza Mtwa. Alipotoroka na kurudia vita vya porini, ilichukua karibu miaka minne kumzingira. Tarehe 19 Julai 1898 alijipiga risasi Mlambalasi asikamatwe hai.

Kuhusu ziara, anzeni Lugalo asubuhi, kando ya barabara ya Iringa–Morogoro. Waambieni wanafunzi mapema kwamba mnara wa pale uliwekwa na Wajerumani kwa ajili ya wafu wao. Asiyejua huondoka akidhani ni kumbukumbu ya Wahehe. Kisha wapangeni wanafunzi 40 mstari mmoja, mita moja na nusu kati ya mtu na mtu. Mtapata karibu mita 60, na wa mwisho tayari hasikii vizuri amri ya wa mbele. Msafara wa Zelewski, pamoja na wapagazi, ulikuwa na watu kama 500: kwa nafasi hiyohiyo ni mita 750. Hapo hata asiyependa Historia ataelewa kwa nini amri haikufika.

Mchana rudini Iringa mjini, mwende Kalenga kwenye makumbusho. Mlambalasi iko mbele zaidi upande huohuo. Ziara nyingi huharibikia hapo kwa kukimbizana na giza. Itengeeni siku yake.

SWALI: Fuvu lililoko Kalenga ni la Mkwawa kweli?
Msomaji, Makambako

JIBU: Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu hilo kwa Uingereza ndani ya miezi sita. Halikuja. Ni Gavana wa Kiingereza wa Tanganyika, Edward Twining, aliyelitafuta katika makumbusho ya Bremen, akilinganisha vipimo vya mafuvu na vya vichwa vya jamaa za Mkwawa, na mwaka 1954 akalikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa. Kwa hiyo lilitambuliwa kwa vipimo na kwa tundu la risasi. DNA haikutumika wakati ule.