Goti, ngazi na mvinyo wa Cinque Terre

SWALI: Ndugu mhariri, Septemba nitakuwa Italia. Nimeona matembezi ya siku moja Cinque Terre, vile vijiji vitano vya pwani: mwongozaji, njia ya pwani, kisha kuonja mvinyo. Goti langu la kushoto linasumbua. Niende?

JIBU: Nenda, dada yangu! Ila kabla ya kulipa, uliza mnapita kipande gani. Monterosso hadi Vernazza ni kama kilomita 3.5, saa mbili hivi, na ngazi za mawe ni nyingi. Mteremko ndio utakaokuumiza. Chukua fimbo. Ndara uziache hotelini, hifadhi ya taifa ya huko haizikubali njiani. Goti likigoma, vijiji vyote vitano vina stesheni ya treni. Corniglia pekee iko juu kilimani, na kutoka stesheni kuna ngazi ya vidato 382. Hapo panda basi dogo, usione haya.

Mvinyo uombe Sciacchetrà, mvinyo mtamu wa huko. Zabibu zake huchumwa kwenye matuta yaliyoshikiliwa na kuta za mawe zisizo na saruji, zikaanikwa majuma kadhaa hadi zisinyae, ndipo zikamuliwe. Maji yanayobaki ni machache, matamu mno. Kila nikiziangalia kuta zile nawaheshimu waliozijenga kwa mikono. Onja mkishamaliza kutembea, si kabla.