Nipigieni Simu Kabla Mambo Hayajaharibika

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Shule ya kati ifanye nini ili wanafunzi wafaulu zaidi na wazazi washiriki zaidi?" Najibu kama mwalimu wa hisabati wa shule hiyo, yaani madarasa ya sita hadi la nane, na pia kama mama wa kijana wa miaka 13. Kwa maoni yangu, shule nyingi zinapima ushiriki wa wazazi kwa kuhesabu viti vilivyojaa siku ya kikao, na hapo ndipo zinapopotea. Mzazi wa mtoto wa umri huu anachohitaji zaidi ni habari: fupi, ya kweli, na imfikie mapema, wakati bado kuna la kufanya.

Nianze na simu moja. Miaka michache iliyopita nilimpigia baba wa mwanafunzi wangu wa darasa la saba. Nilipotaja tu kuwa napiga kutoka shuleni, akanikatiza: "Amefanya nini tena?" Nikamwambia hajafanya kosa lolote. Leo alisimama ubaoni akawaeleza wenzake kwa nini hasi ikizidishwa kwa hasi inatoa chanya, tena alieleza kwa mfano wa deni linalofutwa, mfano ambao sikumfundisha mimi. Upande wa pili kukawa kimya mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akasema polepole, "Mwalimu, tangu aanze shule, leo ndiyo mara ya kwanza kupigiwa simu ya namna hii."

Mtoto huyo alikuwa mwaka wa saba shuleni. Miaka saba, na kila namba ya shule ilipotokea kwenye simu, baba yake alijiandaa kuaibika. Halafu tunakaa kwenye ofisi ya walimu tukisema wazazi wa siku hizi hawajali.

Lazima tukubali kwamba shule ya kati ina ugumu wake. Madarasa ya chini mtoto ana mwalimu mmoja anayemjua mpaka anavyoshika kalamu, na mzazi akitaka kuuliza jambo anajua pa kuuliza. Akifika darasa la sita au la saba, ghafla ana walimu sita, saba, hata wanane, na kila mmoja wao anafundisha wanafunzi zaidi ya mia. Mzazi amuulize nani? Na mtoto mwenyewe, aliyekuwa akikimbilia getini kukupokea, sasa anakuomba umshushe njia panda wenzake wasikuone. Mzazi anatafsiri hilo kuwa hatakiwi tena, naye anarudi nyuma.

Watafiti wa Marekani Jacquelynne Eccles na Carol Midgley waliandika juu ya jambo hili mwaka 1989. Walionyesha kuwa kijana anayebalehe anahitaji uhuru zaidi na mtu mzima wa karibu nje ya nyumbani, ilhali shule ya ngazi hiyo humpa udhibiti mkali zaidi na walimu wasiomjua vizuri. Ari ya kusoma haishuki katika umri huu kwa sababu ya balehe peke yake. Mpangilio wa shule nao unachangia, na mpangilio ni kitu tunachoweza kuubadilisha.

Sasa mzazi afanye nini? Mwaka 2009 watafiti Nancy Hill na Diana Tyson walichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 50 kuhusu wazazi wa wanafunzi wa shule za kati. Kati ya aina zote za ushiriki, iliyohusiana zaidi na ufaulu ni ile ya mzazi kuongea na mtoto juu ya maana ya elimu: anamtarajia nini, anachosoma leo kinaungana vipi na anachotaka kuwa kesho, ajipange vipi, akikwama afanye nini. Kuja shuleni kulisaidia pia, ila kwa kiasi kidogo zaidi. Kusaidia kazi za nyumbani hakukuonyesha faida hiyo. Yawezekana ni kwa sababu wazazi wengi huingilia kazi hizo mtoto akiwa tayari anafeli, na yawezekana pia kijana wa umri huu huona anasimamiwa kama mtoto mdogo.

Natamani kila mzazi aliyeishia darasa la nne angesomewa aya hiyo. Nimekaa na akina mama wengi waliofunga mikono mapajani na kuniambia, "Mwalimu, mimi sikusoma, nitamsaidia nini?" Wanaamini kuwa kumsaidia mtoto maana yake ni kukaa naye mezani kutafuta thamani ya x. Sivyo. Mama anayemuuliza mwanawe, "Leo umekwama wapi, na kesho utamuuliza nani?" ameshafanya kazi ambayo mimi siwezi kuifanya darasani, maana mimi nina watoto thelathini na dakika arobaini. Yeye ana mmoja, na ana usiku mzima.

Lakini swali kama hilo halina meno mzazi akiwa gizani. Hapa naongea kwa uchungu wangu mwenyewe. Mwaka jana nilipokea ripoti ya muhula ya mwanangu, kutoka shule nisiyofundisha na nisiyoitaja. Sayansi: amefeli. Chini yake mstari mmoja: kazi saba hazikuletwa. Saba! Kila jioni ya muhula ule nilimuuliza, "Una kazi ya shule?" na kila jioni alinijibu, "Nimeshamaliza, mama." Mimi ni mwalimu, najua maswali ya kuuliza, na bado sikujua. Mwalimu wake alikuwa na orodha ile tangu kazi ya kwanza ilipokosekana. Ilikaa kwenye daftari lake miezi mitatu, ikanifikia siku ambayo hakuna tena cha kuokoa.

Watafiti Peter Bergman na Eric Chan walilijaribu jambo hili katika shule 22 za kati na sekondari jimboni West Virginia, Marekani. Simu za wazazi zilipokea meseji zenyewe, zikitoka moja kwa moja kwenye kumbukumbu za walimu: mtoto hakuhudhuria kipindi fulani, hajaleta kazi kadhaa, alama zake zimeshuka. Kufeli masomo kulipungua kwa asilimia 28, na mahudhurio ya vipindi yakapanda kwa asilimia 12. Hakuna mzazi aliyeitwa kwenye semina. Waliambiwa tu kinachoendelea, wakajua la kufanya.

Maneno ya meseji nayo yana uzito. Watafiti Matthew Kraft na Todd Rogers waliandika mwaka 2015 kuhusu wanafunzi wa sekondari waliokuwa wakirudia masomo waliyofeli wakati wa likizo. Wazazi walipata kila wiki sentensi moja kutoka kwa mwalimu. Wanafunzi walioshindwa kufaulu somo walishuka kutoka asilimia 15.8 hadi 9.3, na sentensi zilizofanya kazi zaidi ni zile zilizotaja kitu cha kurekebisha, kuliko zile za kusifu. Mimi ninayependa simu za habari njema, matokeo hayo yalinifundisha. Sifa inafungua mlango, lakini mzazi akishaingia anataka kuonyeshwa pa kushika. "Mwanao aongeze bidii" haimwonyeshi kitu. Siku hizi naandika hivi: "Hajaleta zoezi la Jumanne la milinganyo. Analeta hadi Ijumaa bila kupunguziwa alama. Muulize ni namba ipi iliyomkwamisha." Mzazi akisoma hapo anajua siku, anajua kazi, na ana swali la kuuliza leo jioni.

Kuhusu mahudhurio nitasema kwa kifupi kwa sababu hesabu yake inajieleza. Nchini Marekani, utoro sugu huhesabiwa kuanzia mtoto akikosa asilimia 10 ya siku za masomo. Kwa mwaka wa siku 180 hizo ni siku 18, yaani siku mbili tu kila mwezi, na mzazi anayemruhusu mtoto kubaki nyumbani siku mbili kwa mwezi haoni kama amezidisha. Mtafiti Robert Balfanz na wenzake waliwafuatilia wanafunzi wa mji wa Philadelphia, Marekani, na katika utafiti wa mwaka 2007 wakaonyesha kuwa dalili nne za darasa la sita, zinazohusu mahudhurio, nidhamu na kufeli masomo, ziliwatambua mapema asilimia 60 ya wale ambao hawangemaliza sekondari. Darasa la sita! Kwa hiyo shule isingoje mtihani wa mwisho. Iweke mezani orodha ya wanafunzi wenye dalili hizo kila baada ya wiki mbili, walimu wote wa darasa wakiwa wameketi pamoja.

Kazi za nyumbani nazo zinaweza kuandaliwa ili nyumbani pahusike bila mzazi kugeuzwa mwalimu. Joyce Epstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, aliyegawa ushiriki wa familia katika aina sita, ameshiriki pia kutengeneza kazi za namna hii: mtoto ndiye anayeeleza, mkubwa anasikiliza na kuchangia anachokijua. Niliijaribu kwenye somo la uwiano. Niliwaambia wamwombe mtu mzima yeyote nyumbani aeleze anavyopima au kugawa kitu katika kazi zake, kisha wao waandike hesabu yake.

Mwanafunzi mmoja, msichana ambaye kwa muhula mzima sikupata kwake zaidi ya nusu ukurasa, alileta kurasa tatu. Bibi yake ni mshonaji. Alikuwa amechora mkono wa gauni kwa penseli, akaweka vipimo pembeni, na chini akaandika: "Bibi anaongeza sentimita 2 kila upande za pindo. Kwa hiyo jibu la kitabuni lingefanya mkono umbane." Alikuwa amechukua swali la kitabu changu, akalipeleka kwa bibi yake, wakalikuta na upungufu. Nilimwomba alisome mbele ya darasa. Alisoma akiwa ameinamisha kichwa, lakini alipofika kwenye "umbane" aliinua macho. Bibi yule hajawahi kukanyaga kikao cha wazazi. Kwenye rejista yetu ya ushiriki ana sifuri.

Vikao visifutwe, virekebishwe. Mwanafunzi aviongoze mwenyewe, afungue daftari lake mbele ya mzazi na mwalimu, aonyeshe anachojivunia na kinachomshinda, aseme atafanya nini. Wapangiwe saa tofauti kwa anayefanya kazi usiku na anayefanya mchana, na lugha ya nyumbani iwepo. Na wazazi wakialikwa kwenye kamati, waalikwe kabla maamuzi hayajafanyika. Wanajua pale wanapoitwa kupiga muhuri tu.

Najua walimu wenzangu watauliza muda utatoka wapi. Ni haki yao kuuliza, na mkuu wa shule ndiye anayepaswa kujibu kwa ratiba, asijibu kwa hotuba. Kila mtoto awe na mwalimu mmoja anayewajibika kuijua familia yake. Mwalimu akipewa watoto 25, akapiga simu mbili kwa siku, kwa wiki ni kumi, na ndani ya wiki tatu za kwanza za mwaka kila nyumba imesikia sauti yake kabla hakujatokea tatizo lolote. Simu mbili ni dakika kumi. Dakika hizo ziwe ndani ya siku ya kazi, na simu iwe ya shule. Kumtaka mwalimu atumie jioni yake na salio lake si mpango wa shule hata kidogo.

Kuna jambo moja nisingependa lifichwe nyuma ya haya yote. Zile meseji za West Virginia zilipunguza kufeli, lakini hazikuinua alama za mitihani ya jimbo. Silishangai hilo. Mtoto aliyefika darasa la saba bila kuelewa kwa nini theluthi moja ni kubwa kuliko robo atakwama kwenye uwiano, atakwama kwenye asilimia, na aljebra itamfunga kabisa, hata baba yake akipigiwa simu kila siku. Huyo anahitaji mwalimu, muda wa ziada ndani ya ratiba, na kundi dogo, arudishwe taratibu kwenye hesabu za sehemu, kama hizo theluthi na robo, bila kudhalilishwa. Wazazi wasibebeshwe mzigo wa kufundisha. Nimeona shule ikiwaita wazazi kuwaeleza kuwa watoto wamefeli, wakati darasa zima lilikaa nusu mwaka bila mwalimu wa somo hilo. Wale wazazi waliondoka wameinamisha vichwa kama wenye hatia.

Nimalizie na yule baba. Muhula uliofuata alinipigia yeye, saa moja jioni, akiomba radhi kwa kunisumbua. "Mwalimu, leo karudi hasemi, chakula hakugusa. Kuna kitu?" Kilikuwepo. Siku hiyo nilikuwa nimerudisha jaribio, na kijana wake alikuwa amepata alama asiyoizoea, akalikunja karatasi lake na kulisukuma chini kabisa ya begi. Nilimwambia baba asimuulize alama, amuulize swali la tano. Kesho yake asubuhi walikuja wote wawili kabla ya kengele. Tulilifungua lile karatasi mezani kwangu, tukalinyoosha kwa viganja, na kijana akaanza kutueleza alipopoteza ile alama ya kutoa.