Kabla hujamnyoa mwanao kwa ajili ya picha ya shule

Mama mmoja ameniandikia akiniuliza swali ambalo kwa miaka mingi nimetamani mtu aniulize. Karibuni mwanawe atapigwa picha ya darasa. Nywele zimerefuka, mashine ya kunyolea ipo kabatini, naye hajui amnyoe mwenyewe au ampeleke kwa kinyozi. Jibu langu ni hili: mnyoe mwenyewe. Lakini usimnyoe usiku wa kuamkia picha, na usimnyoe kabla hujamuuliza mwenye kichwa.

Nina haki ya kulisema hili kwa sababu limenipata. Katika albamu ya kwetu, picha za shule za sisi ndugu watatu zimepangwa kwa miaka, na ukizipitia unaona kila alichojaribu baba na mama juu ya vichwa vyetu. Dada yangu mkubwa ana mabutu yaliyovutwa hadi nyusi zimepanda. Mdogo wangu ana denge. Mimi nina kila kitu: mwaka mmoja nywele nyingi zisizochanwa, mwaka unaofuata upara.

Tulinyolewa na baba, na siku zote ilikuwa jioni ya kuamkia picha, kwa kuwa aliamini kichwa safi ni kile kilichonyolewa jana. Watu husema mwenzako akinyolewa, chako tia maji. Kwetu hiyo ilikuwa amri. Mmoja akiwa kwenye kigoda, anayefuata alikuwa tayari analowesha kichwa. Maji ni mazuri kwa wembe, hulainisha nywele na ngozi. Kwa mkasi ni jambo jingine. Nywele zilizolowa hunyooka na kuonekana ndefu, zikikauka hurudi juu, na zile za kujikunja hurudi zaidi ya nyingine. Unachokikata zikiwa mbichi sicho utakachokiona asubuhi.

Mwaka nisiousahau, baba alianza na mkasi. Upande wa kulia ukawa mfupi, akasawazisha wa kushoto. Wa kushoto ukazidi kuwa mfupi, akarudi kulia. Aliyewahi kushika mkasi anajua mambo hayo huishia wapi. Yaliishia kwenye wembe. Kesho yake nikaketi mstari wa mbele, ngozi ya kichwa ina rangi tofauti kabisa na uso uliozoea jua, na juu ya sikio kuna mkato mdogo. Mpiga picha akaniambia nihamie nyuma. Alisema kwa sauti, darasa zima likasikia.

Hilo ningelimeza. Kilichoniuma, na bado kinaniuma ninapoandika, ni yaliyofuata nyumbani. Picha ile ikawa ya kuonyeshwa wageni. Albamu ilitolewa, ukurasa ukafunguliwa, kidole kikawekwa kichwani pangu. Watu wazima wakacheka hadi wakafuta machozi, nami nimekaa palepale. Baba hakuwa na nia mbaya, najua. Lakini mtoto wa umri ule hana pa kukimbilia wazazi wake mwenyewe wanapomcheka.

Mdogo wangu anazitazama picha hizohizo na anazipenda. Anachokumbuka ni mkono wa baba ukilikunja sikio lake polepole ili wembe upite, na pumzi ya baba kisogoni, na baba akinyamaza kwa jinsi alivyokuwa makini. Anasema hakuna saa nyingine alipokuwa naye karibu hivyo. Tumebishana sana juu ya hili. Nadhani tofauti yetu ni moja tu: denge aliliomba yeye. Baba alimuuliza anataka nini kwa sababu alikuwa kitinda mimba, akapata alichotaka, na kwenye picha anatabasamu hadi meno yote yanaonekana.

Nilijifunza kunyoa nikiwa mtu mzima. Sitawachosha na habari za vichwa vya mwanzo. Leo wanangu na wa dada yangu wananyolewa na mimi, na picha ya darasa ya mwaka huu imerudi wiki hii. Mwanangu ameiomba iwekwe chumbani kwake. Aliiomba mwenyewe, bila kuambiwa. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Sasa nije kwa yule mama aliyeniuliza, na kwa nyinyi wengine mnaotaka mtoto wenu aje aitazame picha yake bila kuinamisha kichwa. Nyoa wiki moja au zaidi kabla ya siku yenyewe. Nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo wiki haitaziba pengo kubwa, lakini itatosha kulainisha mistari, kupoza vipele na kuifanya rangi ya kichwa ifanane kidogo na ya uso. Ukikosea, bado una muda wa kwenda kwa kinyozi. Kwenye mashine anza na kitana cha namba kubwa. Namba 4 huacha kama milimita 13, namba 2 kama milimita 6, namba 1 kama milimita 3. Kushuka ni rahisi, kupanda ni kusubiri miezi. Tafuta pia pale kisogoni nywele zinapozunguka. Wengi wana mzunguko mmoja, wengine miwili, na ukipafyeka hapo nywele husimama wima zisikubali kulala hata kwa maji.

Safisha mashine kila unapobadilisha kichwa: piga brashi, kisha futa meno yake kwa spiriti. Mapunye ni ugonjwa wa fangasi, na huhama kupitia vitana na mashine. Ukiona mabaka yanayobanduka au sehemu iliyonyonyoka nywele, acha kunyoa na umpeleke mtoto hospitali, kwa sababu mapunye ya kichwani huhitaji dawa ya kumeza.

Kwa wenye mabinti nitasema kwa ukali, mnisamehe. Msuko unaomfanya mtoto alie ni msuko mbaya. Dada yangu alisukwa kwa kuvutwa kila muhula ili nywele zidumu na zionekane nadhifu pichani. Leo panja zake zimekwisha na hazirudi. Nywele zikivutwa miaka na miaka, mizizi yake hufa. Vipele vidogo kwenye ukingo wa paji la uso ni onyo. Fumua siku hiyohiyo, hata kama msuko ni wa jana na picha ni kesho.

Na tuache kuwanyoa watoto kwa imani kwamba zitaota nzito zaidi. Mzizi uko chini ya ngozi, wembe haufiki huko. Nywele mpya huonekana ngumu kwa sababu ncha imekatwa butu. Baba aliniambia nitamshukuru. Wanangu siwaambii hivyo. Nawapa kioo, nawauliza wanataka vipi, na shule ikiwa na sheria ya nywele nawaeleza sheria kabla sijawasha mashine. Ndani ya mipaka hiyo wachague wao. Mzazi unayesoma hapa, jizuie ulimi pia. Usimwite mwanao jina la kichwa chake, na usimwonyeshe mgeni picha yake kabla hujamuuliza.

Picha zenyewe zitunzeni. Za rangi hufifia kwa sababu rangi zake huharibiwa na mwanga, kwa hiyo ukutani weka nakala na ya asili iwe gizani, mahali pakavu. Albamu zenye kurasa za gundi na plastiki hugeuka manjano na kuikamata picha. Nilipozitoa za kwetu nilitumia uzi mwembamba, nikaupitisha chini ya picha taratibu, halafu nikazinakili kwa skana. Ile ya upara nayo nimeinakili, pamoja na nyingine. Nyuma ya kila moja nimeandika kwa penseli laini, kwa kuwa wino huweza kupenya upande wa pili: jina, darasa, mwaka na aliyenyoa.