Re: Fulana ya kutania nembo ya kampuni, naweza kushtakiwa?

Mkuu, kushtakiwa unaweza. Kushindwa kesi ni habari nyingine. Tafuta hukumu ya Laugh It Off dhidi ya South African Breweries. Jamaa wa Cape Town walichapa fulana zinazofanana kabisa na lebo ya bia ya Carling Black Label, ila palipokuwa na jina la bia wakaweka maneno ya kukejeli unyonyaji wa vibarua weusi tangu 1652, mwaka walioingia Waholanzi. Mahakama mbili ziliwaangusha. Mwaka 2005 Mahakama ya Katiba ikawapa ushindi: kampuni haikuleta ushahidi kwamba biashara yake ingeumia. Kuudhika tu hakutoshi. Jaji Albie Sachs naye akaandika maoni yake kando, akianza kwa kuuliza kama sheria ina ucheshi (wanasheria wetu wangesoma hiyo!).

Ila usijiachie. Ile ilikuwa kesi ya alama ya biashara, siyo hakimiliki, na hukumu ya Afrika Kusini haiwafungi majaji wa Dar. Na kama mteja anaweza kudhani fulana imetoka kwa kampuni yenyewe, utani hautakuokoa. Tupia mchoro hapa tuuone kabla hujalipia uchapaji.